Saba Kati ya Kumi

Kitengela,
21 Agosti 2023

Kwa Pakiteng wangu, Baba Mdogo Parmuat,

Sopa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Yeyo, mama aliyenilea, na ule mguu wake. Nimemwekea dawa ya kupaka ndani ya mfuko wa sukari. Apake asubuhi na jioni, asiifiche.

Sisi hatujambo. Binti yetu Purity yuko likizo na kazi yake ni kula na kuuliza maswali. Baba yake, Allan, bado yuko Namanga, anapitisha makaratasi ya malori mpakani, na nyumbani tunamwona mwisho wa mwezi. Nyumba yetu imefika kwenye mabati. Tukijaliwa tutaingia kabla ya Krismasi na kuachana na mambo ya landlord.

Tangu masikio yako yafungwe na ile homa najua simu haina maana kwako, na SMS umezikataa, unasema ni salamu za mtu anayekimbia. Basi nimekaa chini na kuandika vizuri kama ulivyonifundisha. Mbaluka wa lori ameahidi kukuletea akija kuchukua mbuzi wa kichinjioni. Ukimaliza kujibu mpe yeye.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita shirika letu lilipewa utabiri wa mvua fupi, huu ambao kazi yangu ni kuuzungusha kwa wafugaji na kuueleza kwa Kimaa. Pakiteng, mwaka huu ni El Nino. Wanatarajia mvua kubwa kupita kawaida kuanzia Oktoba mpaka Desemba, na mito mikavu itajaa. Boma lako liko kwenye ukingo wa mto mkavu kabisa. Nilipokuja Pasaka nilitupa jiwe kutoka mlangoni likaangukia mchangani.

Nakuomba uhamie juu, kwenye mwinuko ulio nyuma ya kanisa, kabla Oktoba haijaanza. Wewe, Yeyo, na ng'ombe waliobaki. Nilipomaliza chuo ulinipa ng'ombe, na tangu siku hiyo tunaitana Pakiteng kama watu wazima wawili waliopeana mali. Basi nakuomba kama mtu mzima, si kama mtoto. Hama.

Msalimie Yeyo sana.

Ni mimi mtoto wako,
Nalangu


Upande wa Ilbisil, Kajiado,
9 Septemba 2023

Pakiteng,

Takwenya. Itikia tu huko uliko, mimi sisikii hata ukiitikia hapa mlangoni.

Barua yako ilikaa kwa Mbaluka siku nyingi, chini ya kiti chake, na inanuka mbuzi. Tuko wazima. Yeyo amefurahia dawa sana. Anampaka ndama mmoja aliyejikata kwato, anasema inamsaidia ndama kuliko inavyomsaidia yeye. Nimemgombeza. Amenigeuzia mgongo ili nisione midomo yake ikijibu. Mwambie Purity aendelee kuuliza maswali, ni wewe uliyekuwa hivyo hivyo.

Kuhusu mvua yako. Mwaka jana, mwezi wa pili, ulisimama katika kanisa letu na karatasi mkononi ukasema mvua ndefu itakuwa nzuri. Watu walikuwa tayari kuuza ng'ombe wakiwa bado na nyama. Nikasimama mimi mwenyewe, katekista wao, nikasema huyu ni mtoto wa ndugu yangu marehemu, nimemlea kwa mkono wangu, hawezi kutudanganya. Wakaacha kuuza. Unajua kilichofuata, sitakiandika. Saning'o, ambaye ng'ombe wake wote waliisha kwa ule ukame, hupita hapa kwangu mpaka leo bila salamu, na mimi siwezi kumlaumu.

Sasa mnasema mafuriko. Mwaka wa tisini na saba nilikiona hicho kitu kwa macho, mto ulifika kwenye miiba ya boma. Lakini mwaka wa 2015 pia redio ilituimbia El Nino kila asubuhi. Tulihamisha mbuzi tukangoja, ikaja mvua ya kulowesha vumbi.

Nataka uelewe shida yangu, usidhani ni kiburi cha uzee. Ng'ombe niko nao kumi na mmoja. Asubuhi mimi na Yeyo tunawainua, yeye anashika pembe, mimi mkia, mpaka wasimame. Hapa mtoni tumechimba visima mchangani, na mnyama akisimama maji yako mbele yake. Kule juu kwenye mwinuko hakuna tone. Itabidi watembee asubuhi nzima kushuka kunywa, na alasiri yote kupanda. Nikihama na mvua isije, wataisha njiani. Nikibaki na mvua ije kama unavyosema, wataisha na maji. Hawa kumi na mmoja ndio kila kitu nilichobakiza duniani, Nalangu. Wakiisha mimi si mtu tena, ni mzee tu anayengoja chakula cha msaada.

Kwa hivyo niambie. Kati ya mara kumi, hao wataalamu wenu hupata ngapi? Usiniandikie "uwezekano". Niandikie namba ya vidole. Na uniandikie pia mwaka jana, siku ile ya kanisani, namba ilikuwa ngapi.

Parmuat


Kitengela,
24 Septemba 2023

Pakiteng,

Iko. Nimeitikia kwa sauti mpaka Purity akauliza naongea na nani.

Nimefurahi kusikia mko wazima. Allan alikuja, akaweka madirisha mawili na kurudi Namanga. Kiwanja chetu ni tambarare na udongo wake ni laini sana. Mama Mugure, jirani anayeuza mboga, anasema hapa sukuma inaota bila mbolea. Nimeanza na mistari miwili ya vitunguu.

Umeniuliza namba ya vidole. Nimekaa na swali hilo siku tatu kwa sababu wataalamu hawasemi hivyo, wao wanasema kwa asilimia na wanataka tuseme hivyo hivyo. Lakini wewe ni wewe. Ni saba kati ya kumi. Mara saba mvua inakuja kubwa kupita kawaida, mara tatu haiji hivyo.

Najua saba si kumi. Najua pia kwamba mimi nikikosea nitaandika ripoti, na wewe ukikosea utazika ng'ombe. Nimelifikiria hilo mpaka nikashindwa kula. Lakini hebu fikiria hivi. Mvua isipokuja utapoteza ng'ombe wengine, pengine wengi. Ikija mkiwa pale ukingoni, hamtapoteza ng'ombe peke yao. Wewe husikii, Baba Mdogo. Mto mkavu ukija huja na mlio, watu hukimbia kwa sababu ya ule mlio. Wewe utakimbia kwa sababu ya nini?

Samahani kwa kuandika hivyo. Nimeacha heshima pembeni kwa sababu naogopa.

Tafadhali hama. Mengine tutaongea tukionana.

Nalangu


Juu ya kanisa, Ilbisil, Kajiado,
29 Oktoba 2023

Nalangu,

Tunakusalimu kutoka juu. Ndiyo, tulihama. Yeyo alisomewa barua yako mara mbili, na alipofika pale uliposema juu ya masikio yangu akaanza kufungasha vyungu bila kuniuliza. Hakuuamini utabiri, hajui hata ni kitu gani. Alisema mtoto ameomba. Basi tukapandisha miti ya boma kwa punda wa watu.

Leo tuna karibu mwezi hapa juu. Mbingu ni nyeupe kutoka asubuhi hadi jioni. Redioni, Yeyo ananiambia, wameanza kusema El Nino pengine haitakuja, au itakuja ndogo, au tusubiri. Kila mtu na lake. Wale waliokuwa wamenunua mabuti mjini Kajiado wanachekwa.

Ng'ombe wawili wameanguka njiani wakipanda kutoka kisimani. Wa kwanza alikuwa mzee, huyo sikumlilia sana. Wa pili alikuwa Narok, yule mweusi, wako. Nilikaa naye pale njiani mpaka akamaliza. Nimeendelea kufikiria kwamba chini angekuwa hai, kwa sababu chini hakuna kupanda.

Watu wanapita wananiuliza kwa mikono, mzee, umekuja kufanya nini huku juu? Saning'o ndiye aliyeuliza kwanza. Mwaka mzima hakuwa amenisemesha, na siku aliyoamua kunisemesha ilikuwa ya kunicheka. Nimekufuata wewe mara mbili, na mara zote mbili nimebaki nimesimama mbele ya watu kama mjinga.

Ulinijibu saba kati ya kumi. La mwaka jana hukunijibu. Nimeelewa, sitauliza tena.

Ila nauliza jambo lingine. Mbaluka anasema alipita kwako kushusha mawe, na ukuta wako wa nyuma unapakana na mto wa Kitengela. Alinionyesha kwa mikono, nyumba hapa, maji hapa. Anatania, au ni kweli?

Siku chache zijazo tunarudi chini. Yeyo hataki. Nimemwambia waliobaki ni tisa, na hakuna hata mmoja atakayemaliza wiki nyingine ya kupanda. Usijisumbue kuandika.

Parmuat


Kitengela,
5 Novemba 2023

Baba Mdogo, tafadhali.

Sitaki hata kusalimia. Barua yako nimeipata leo Jumapili tukitoka kanisani, na Mbaluka anasema huenda mmeshashuka. Kama mmeshuka, pandeni leo. Kama hamjashuka, msishuke. Mvua imechelewa, haijafutwa. Juzi imepiga upande wa juu, na mto wako haungoji inyeshe kwako. Unaletewa maji ya watu wengine, wewe ukiwa umekaa chini ya jua.

Waacheni ng'ombe. Nimeandika hivyo na ninajua ninamwandikia nani. Waacheni kisimani kama hawawezi kupanda, pandeni nyinyi wawili. Nitatafuta wengine, nitakopa, nitafanya chochote. Nilipomzika baba sikuwa na umri wa kuelewa. Sasa ninao.

Kifo cha Narok hakikuniuma kama ulivyofikiri. Ninaowaogopea huko ni watu wawili.

Mbaluka anaondoka sasa hivi. Anasema barabara ya kuingia kwenu imeanza kuwa mbaya.

Nalangu


Juu ya kanisa, Ilbisil, Kajiado,
3 Februari 2024

Nalangu,

Barua yako ya tarehe tano Novemba nilipewa na Mbaluka siku ya mazishi. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye matope siku tisa. Niliikunja nikaiweka mfukoni mbele yako, nawe uliniona. Ulikaa siku mbili, ukapika, ukafua, ukaondoka. Tangu hapo hujaandika, na mimi sijaandika. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anamwogopa mwenzake.

Hukuniuliza ilivyokuwa. Nitakuambia, kwa sababu nikikaa nayo peke yangu inaniua.

Tulikuwa tumeshuka siku nne. Ilikuwa mchana na jua lilikuwa linawaka, wala hapakuwa na wingu juu yetu. Nilikuwa ndani ya kisima, mchanga ukinifika kifuani, nachota maji na kumwaga kwenye karai, ng'ombe wakisukumana. Mgongo wangu uliangalia kule mto unakotoka. Yeyo alikuwa bomani. Yeye alisikia. Alikuja akikimbia na mguu ule, mguu ambao hakuwahi kuupaka dawa, akanivuta shuka kwa nyuma.

Nalangu, nilimkasirikia. Nilifikiri ananiita chakula. Nilimwashiria angoje nimalize karai hili. Alinivuta tena, akanipiga mgongoni kwa ngumi, ndipo nikageuka na kuona ukuta wa matope na miti. Nilitoka kisimani na kupanda ukingoni. Nilipanda nikijua yuko nyuma yangu. Mtu mwingine angesikia kwamba hayuko.

Ng'ombe walipona wanne, wale waliokuwa hawajashuka. Watu wanasema Mungu amenibakizia. Mimi nawaitikia kwa kichwa.

Sikulaumu. Nimejaribu, maana kukulaumu kungekuwa rahisi, nikashindwa. Uliniambia wazi, ukaniambia hata sababu, kwamba sitasikia. Nililaumu redio, nikamlaumu Saning'o na kicheko chake. Bado nabaki na lile karai. Sipati usingizi.

Sasa nakuomba mambo mawili. La kwanza, uniandikie namba ya vidole ya mvua ndefu hii inayokuja, na safari hii unijibu kuhusu ukuta wako wa nyuma. La pili, Purity aje akae nami likizo ya Aprili. Boma halina mtu. Nahitaji mtu wa kunishika shuka, awe masikio yangu kidogo.

Parmuat


Kitengela,
17 Machi 2024

Pakiteng,

Nimeisoma barua yako chooni kazini ili wenzangu wasinione. Siwezi kukuandikia chochote juu ya Yeyo. Alinibeba mgongoni na hakuwahi kunitenga na watoto wa tumbo lake wale waliofariki. Basi.

Purity atakuja. Shule ikifunga Mbaluka atamchukua. Anajua kuandika vizuri, utamwelewa. Ameshaanza kupanga nguo.

Namba ya mvua ndefu ni sita, wengine wanasema saba. Kubwa kupita kawaida, tena.

Na ndiyo, Mbaluka hakutania. Ukuta wa nyuma unapakana na mto. Tuliingia Desemba. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utasema nini, na nilijua huna haja hata ya kusema. Novemba maji yalipanda mpaka kwenye ua wa Mama Mugure yakasimama. Hayakufika kwetu. Kama El Nino yenyewe haikufika, kwa nini mvua ndefu ifike? Najua unaweza kunijibu. Mimi mwenyewe najua jibu, hulitoa kila wiki kwa watu wengine. Juzi nilikuwa Kona Baridi, nimewasomea watu ile karatasi kwa sauti, nimewaambia walioko mabondeni wahame bila kungoja. Mama mmoja akaniuliza, tuhamie wapi? Nikampa jibu la kwenye karatasi. Halafu nikarudi kulala kando ya mto.

Nimemwambia Allan tukapange chumba upande wa juu, hata kwa miezi mitatu. Amesema hatalipa kodi ya nyumba ya mtu mwingine huku yake ikiwa na mabati mapya. Ameweka miaka minane ya Namanga ndani ya kuta hizi, Baba Mdogo. Anasema nyinyi watu wa utabiri mkipata mara moja mnataka kuaminiwa maisha yote. Na ukweli ni kwamba usiku mwingine mimi pia nasema hivyo. Nikiwa kazini naamini saba kati ya kumi. Nikifika nyumbani na kuona pazia nililolishona mwenyewe, naziamini zile tatu.

Usinichukie.

Nalangu


Juu ya kanisa, Ilbisil, Kajiado,
24 Aprili 2024

Pakiteng,

Takwenya. Purity yuko salama, amenenepa, na ameniharibia mzeituni wangu wa kivuli kwa kuupanda kila siku. Anaongoza boma vizuri. Akitaka kuniita anarusha kijiwe mgongoni, na hakosei. Jioni ananiandikia chini kwa kijiti yote ambayo watu wamesema mchana, mengine ni umbeya ambao sikuhitaji. Nilikuwa nimesahau kucheka. Nilipocheka alishtuka.

Mbaluka alikuja Jumatatu kumchukua, kwamba shule zinakaribia kufunguliwa. Nimemrudisha bila mtoto. Usimgombeze, ni mimi.

Nitakuambia ukweli ili usifikiri nimechanganyikiwa. Nilikuandikia kwamba nahitaji masikio. Ulinionea huruma ukamtuma mtoto, na nilijua utanionea huruma, ndiyo maana niliandika hivyo. Sikuhitaji masikio. Nimekuwa kiziwi miaka sita na ningeweza kumaliza iliyobaki. Nilitaka atoke kwenye nyumba ile kabla mvua haijashika. Wewe na Allan ni watu wazima, siwezi kuwabeba. Yeye niliweza.

Hatarudi mpaka mhame. Kuna shule hapa chini ya kanisa, nimeshaongea na mwalimu mkuu. Mlete chifu au polisi kama unataka, nitawapa chai.

Sasa sikiliza mtu ambaye hakukusikiliza. Mimi pia nilikuwa na zile tatu. Nilizihesabu kila asubuhi nikimshika ng'ombe mkia. Mbingu ilikuwa nyeupe na watu walikuwa wananicheka, na kila kitu nilichokiona kwa macho kiliniambia wewe umekosea. Huo utabiri wenu mimi bado siuamini, Nalangu. Ulikosea mwaka juzi, na utakosea tena, na siku hiyo nitakucheka. Lakini nilikuwa na nafasi ya kukosea nikiwa juu, na nafasi ya kukosea nikiwa chini, nikachagua chini kwa sababu ya maji ya karibu. Wewe unachagua chini kwa sababu ya pazia.

Mwambie Allan mzee anampigia magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti isipokuwa kanisani.

Hapa inanyesha tangu juzi.

Parmuat


Kitengela, katika ukumbi wa kanisa,
6 Mei 2024

Baba Mdogo,

Tuko hai, mimi na Allan. Naanza na hilo kwa sababu najua Mbaluka ameshakuambia mambo mengine.

Barua yako niliipata Ijumaa ya wiki ile. Nilikasirika sana. Nilimwambia Allan umeniibia mtoto, na nilikuwa nimepanga kuja Jumatano, sikukuu ya wafanyakazi, nimchukue kwa nguvu. Ningemrudisha Jumatano jioni. Nataka ujue hivyo. Ningekutukana mbele yake na kumrudisha.

Maji yalikuja kabla sijaondoka. Hayakuja na mlio kama ya kwenu. Yalipanda tu, kimya, kutoka sakafuni. Tulikuwa tunakunywa chai, viatu vikaanza kuelea. Allan alitaka kuokoa godoro, halafu televisheni, na nilimvuta shati akanisukuma, akaniambia ngoja. Nilipomwona ananiashiria ningoje nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Aliacha. Tulipanda kwenye mnara wa tangi la jirani tukakaa hapo mpaka mtumbwi ukatufikia alasiri. Mama Mugure hajapatikana.

Jana yalishuka kidogo tukaenda kuona. Ukuta wa nyuma haupo. Kitanda cha Purity kiko pale pale, matope yamekaa juu yake, na alama ya maji ukutani iko juu ya dirisha. Nilisimama chini ya ile alama nikanyoosha mkono, sikuifikia. Allan alikaa chini kwenye matope.

Leo asubuhi kijana mmoja kutoka shirika letu alikuja hapa ukumbini na karatasi kutuambia mvua bado ipo, tusirudi kule. Hakunitambua, nilikuwa nimejifunika blanketi la msaada. Mwanamke aliyekaa karibu nami alisema, hawa husema tu, leo hivi kesho vile. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mmoja wao. Nikavuta blanketi mpaka kichwani. Na karibu nami watu walikuwa tayari wanapanga jinsi ya kurudi kufagia matope, na Baba Mdogo, moyo wangu ulikuwa unaenda nao. Nilikuwa tayari nahesabu mabati yaliyobaki.

Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko maji. Nimekaa juu ya tangi nikiona mto ndani ya nyumba yangu, na siku tano baadaye nafikiria kurudi.

Nitakuja Jumamosi kumwona. Usinipe mtoto. Nitalia, nitakuambia tumepata pahali, nitakuambia mto umeshuka na wataalamu wamesema hautarudi. Mshike. Usinipe hata nikikuambia nina uhakika.

Nalangu